Bi harusi, anza foliki kabla ya kliniki

Mpwa wangu anaolewa mfungo tatu. Wiki iliyopita alikuja kunisalimia, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, akakaa nami mkekani tukachambua kunde. Katikati ya habari za kanga na mapambo akaniuliza: "Shangazi, zile dawa za kuongeza damu za kliniki, nikishapata mimba nianze mwezi wa ngapi?"

Nikamwambia: "Za kliniki zitakuja kwa wakati wake. Mimi nataka uanze na foliki, ile vitamini ya kumkinga mtoto, wiki hii."

Akaona haya. "Hata mahari haijaisha, shangazi!"

Nilikaa miaka 27 katika chumba cha kliniki ya wajawazito hapa Tanga, muuguzi mkunga, na swali hilo nimeulizwa na wanawake wengi ambao tayari tumbo limeshaonekana. Kwa hiyo niliyomweleza mpwa wangu jioni ile nayaandika hapa kwa kila bi harusi, kwa kila aliyetoa kijiti au kuacha sindano ya uzazi wa mpango anatafuta mtoto, na kwa kila mama anayedhani amemaliza kuzaa lakini hana uhakika.

Nianze na la nyumbani. Mdogo wangu wa mwisho alikuja kliniki kwangu akiwa na mimba ya miezi mitano. Nilimpima mwenyewe, nikajaza kadi mwenyewe, nikamhesabia vidonge vya fefo, vile vya madini ya chuma na foliki, kwa mkono wangu. Alivimeza vyote, hakuruka hata siku moja. Mwaka 2006 akajifungua mtoto wa kiume aliyekuwa na kifuko chini ya mgongo, ukubwa wa ndimu, chekundu, kimefunikwa na utando mwembamba kama ule wa kitunguu ukikimenya. Mgongo wazi. Tulimpeleka Dar es Salaam akafungwa mgongo, kisha kichwa kikaanza kujaa maji, akawekewa mrija wa kuyatoa. Miguu haina nguvu hadi leo. Ni kijana mwenye akili, anatengeneza simu, ananiita mama mkubwa, na kiti chake cha magurudumu nakijua kila nati.

Mdogo wangu alisemwa. Kwamba alitembea usiku na mimba changa, kwamba alimcheka mlemavu, kwamba kuna mkono wa mtu. Nami niliyevaa sare nyeupe nilikuwa najua kwamba foliki huongeza damu, na kwamba inahusika na mgongo wa mtoto, lakini jambo moja nilikuwa sijalitia moyoni: tarehe. Vidonge nilivyompa mwezi wa tano vilimfaa yeye na damu yake. Kwa mgongo wa mtoto, mlango ulikuwa umefungwa tangu mwezi wa kwanza.

Siku 28

Chukua kanga uitandaze, kisha nyanyua pindo mbili za urefu uzilete zikutane katikati. Hivyo ndivyo ubongo na uti wa mgongo unavyoanza. Mtoto akiwa bado mdogo kuliko punje ya mchele, mgongoni mwake pana utando bapa wa seli. Kingo mbili za utando huo huinuka, hukutana, na hushikana. Mshono huanzia sehemu ya kati ukaenda juu kuelekea kichwani na chini kuelekea kiunoni. Ukiishia njiani upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Ukiishia njiani upande wa juu, fuvu na ubongo havijengeki, na mtoto huyo haishi.

Kazi yote hiyo huisha takriban siku ya 28 tangu mimba kutunga. Sasa hesabu kama mwanamke anavyohesabu. Mimba hutunga karibu wiki mbili kabla ya siku za hedhi inayotarajiwa. Kwa hiyo ukikosa hedhi, wiki mbili kati ya nne tayari zimekwenda. Ukisubiri wiki moja ili uhakikishe, nyingine ili umwambie mume, nyingine ili upate nauli ya kwenda kupima, mshono umeshafungwa, au haukufungwa.

Na foliki haijai mwilini kwa siku moja. Mwanamke akimeza mikrogramu 400 kila siku, huchukua kama wiki 8 hadi 12 mpaka chembe nyekundu za damu zibebe akiba ya kutosha kumkinga mtoto. Ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu wiki hii, wala si usiku wa harusi. Miongozo mingi husema angalau mwezi mmoja kabla ya mimba. Mimi nasema miezi mitatu, na kama hujui mimba itaingia lini, basi meza tu kila siku. Anayetumia uzazi wa mpango anaweza kuanza foliki huku bado anautumia, haviingiliani.

Kitu chenyewe ni nini

Foliki ni vitamini B ya tisa. Jina limetoka kwenye neno la Kilatini la jani, na ukifika kwenye sufuria utaona kwa nini. Ya kwenye vyakula huitwa foleti. Asidi ya foliki ni ile iliyotengenezwa kiwandani, ya kwenye vidonge na unga.

Molekuli yake ni vipande vitatu vilivyoungwa. Cha kwanza ni pteridini, pete mbili zilizobanana za kaboni na nitrojeni. Hicho ndicho kinachofanya kidonge cha foliki kiwe cha manjano, na jamii hiyohiyo ya kemikali hupaka rangi mabawa ya baadhi ya vipepeo. Cha kati ni asidi ya para-aminobenzoiki, mkishike hicho kwa sababu tutakirudia tukifika kwenye malaria. Cha mwisho ni asidi ya glutamiki. Katika jani la mchicha glutamiki haiji moja, huja nyingi zimefuatana kama shanga kwenye uzi, na utumbo lazima uzikate mpaka ibaki moja ndipo ipenye kuingia kwenye damu. Kidonge kina moja tu tangu mwanzo. Ndiyo sababu kidonge hufyonzwa vizuri kuliko mboga, na sio kwamba mboga ni mbaya.

Kazi yake mwilini ni ya mpagazi. Hubeba kaboni moja moja na kuipeleka pale inapojengwa DNA, maandishi ya urithi yaliyo ndani ya kila seli. Seli haigawanyiki kabla haijanakili DNA yake, na bila foliki kunakili kunakwama. Wanaoumia kwanza ni wale wanaogawanyika kwa kasi: uboho wa mifupa unaotengeneza damu, na kiumbe kilicho tumboni. Kwenye uboho, seli huendelea kunenepa lakini haziwezi kugawanyika, basi chembe nyekundu hutoka kubwa kubwa na chache.

Chembe hizo kubwa ndizo alizoziona Lucy Wills, daktari Mwingereza aliyefika Bombay, India, mwaka 1928. Bombay kila mzee wa pwani analijua jina lake kwa majahazi. Alikuta wajawazito maskini, wengi wao vibarua wa viwanda vya nguo, wanapungukiwa damu mpaka wanakufa. Alichunguza wanakula nini. Akalisha panya na nyani maabara chakula kinachofanana na cha wanawake wale, nao wakaumwa vilevile. Kisha akajaribu Marmite, ule uji mzito mweusi wa chachu inayobaki viwanda vya bia vikimaliza kazi, chakula cha bei ndogo ambacho Waingereza hupaka kwenye mkate. Wanyama wakapona. Akawapa wajawazito, damu ikapanda. Alichapisha matokeo mwaka 1931 bila kujua kilichoponya kinaitwaje, na kwa miaka kadhaa kikaitwa kwa jina lake tu.

Mwaka 1941 huko Texas, Mitchell, Snell na Williams walichukua tani nne za spinachi wakazichuja na kuzichuja mpaka wakabaki na kitu kidogo sana, wakakipa jina la asidi ya foliki. Mwaka 1945 wanakemia wa kampuni ya Lederle nchini Marekani, chini ya Yellapragada Subbarow aliyezaliwa India, wakaweza kuitengeneza. Tani nne za mboga, na leo kidonge kizima ni kidogo kama choroko. Kila nikishika pakiti naliwaza hilo.

Habari ya mgongo ilichelewa zaidi. Madaktari Hibbard na Smithells walianza kuihisi katika miaka ya 1960, lakini uthibitisho uliofunga mjadala ulitoka mwaka 1991: vituo 33 katika nchi saba, wanawake 1,817 ambao wote walishawahi kubeba mtoto mwenye tatizo hili. Waliopewa miligramu 4 za asidi ya foliki kila siku tangu kabla ya mimba, hatari ya kurudia ilipungua kwa asilimia 72. Mwaka uliofuata utafiti wa Hungary, kwa wanawake ambao hawakuwahi kupata tatizo hilo, ukaonyesha kwamba vidonge vya vitamini vyenye miligramu 0.8 vinazuia hata lile la kwanza.

Tazama hiyo namba 72. Haikuwa 100. Wapo wanaomeza kila siku na bado mtoto akazaliwa na mgongo wazi, na wapo wasiowahi kuiona foliki wakazaa watoto wazima saba. Mama aliyepata mtoto wa hivi hakulaaniwa na hakukosea. Mdogo wangu nilimwambia haya nikiwa nimemshika mikono, na ningependa kila mkwe na kila jirani ayasikie.

Kununua na kumeza

Kiasi cha mwanamke wa kawaida anayetazamia mimba ni mikrogramu 400 kwa siku, yaani miligramu 0.4. Pakiti zingine huandika hivi, zingine vile, ni kitu kilekile. Anza miezi mitatu kabla, endelea mpaka wiki ya 12 ya mimba, na baada ya hapo fefo za kliniki zinaendeleza.

Ugumu uko dukani. Ukiingia duka la dawa ukasema "nipe foliki," mara nyingi utakabidhiwa vile vidogo vya manjano vya miligramu 5. Kidonge kimoja kina kiasi mara kumi na mbili na nusu ya unachohitaji. Geuza pakiti usome namba kabla hujalipa. Usione haya kumrudishia muuzaji. Mwambie: "Nataka yenye 0.4, ya kujiandaa na mimba." Kama hana, uliza vidonge vya madini ya chuma na foliki vyenye 0.4, au vitamini za wajawazito, kisha nazo uzisome. Usikate cha miligramu 5 vipande kwa kisu, hutapata sawa.

Miligramu 5 zina watu wake. Mwanamke aliyewahi kubeba mtoto mwenye mgongo wazi au kasoro ya ubongo ya aina hiyo, anayetumia dawa za kifafa hasa valproeti, mwenye kisukari, au mwenye selimundu (sikoseli), huyu anahitaji kiasi kikubwa na anahitaji daktari amwandikie. Mdogo wangu mimba yake iliyofuata aliimezea miligramu 5 tangu miezi mitatu kabla mpaka wiki ya 12. Binti aliyezaliwa sasa anacheza netiboli ya shule. Na wewe wa kifafa, nakusihi, usiache dawa zako kwa kusikia jina lake hapa. Nenda kwa daktari wako kabla ya mimba mpange, kwa sababu degedege nalo linaua.

Meza saa yoyote, lakini iwe saa ileile. Mpwa wangu nimemwambia aifunge na mswaki wa usiku. Foliki yenyewe haisumbui tumbo. Kinachotia kichefuchefu na kufanya choo kiwe cheusi ni madini ya chuma yaliyo kwenye fefo. Fefo usizimeze na chai, kwa sababu chai hushika chuma kisiingie mwilini. Pitisha saa moja hivi. Ukiwa umefunga Ramadhani, meza daku au baada ya futari. Ukisahau siku moja, endelea kesho na kimoja, usimeze viwili. Pakiti isikae dirishani kwenye jua wala juu ya rafu ya jiko. Mwanga, joto na unyevu huiharibu.

Watakuambia vidonge hivi hukuza mtoto mpaka ashindwe kutoka. Nimewazalisha waliomeza na wasiomeza, na foliki haimnenepeshi mtoto. Watakuambia ni uzazi wa mpango umefichwa. Hapana, havizuii mimba. Na kama unaona haya mume asije akadhani una haraka ya mimba au unaumwa, mwonyeshe ukurasa huu, asome mwenyewe ile habari ya siku 28.

SP, na kwa nini namba kwenye pakiti ni muhimu

Hapa naomba mtulie, maana ndipo hata wahudumu huteleza.

Kuanzia miezi mitatu ya pili ya mimba, kliniki zetu hutoa SP kuzuia malaria. Mdudu wa malaria naye anahitaji foleti ili agawanyike, ila yeye hujitengenezea mwenyewe, na malighafi yake ni kile kipande cha kati nilichosema mkishike, asidi ya para-aminobenzoiki. Dawa ya kwanza iliyo ndani ya SP, sulfadoksini, imefanana na kipande hicho, mdudu akaichukua akidhani ndicho na kazi yake ikaharibika. Ya pili, pirimethamini, inaziba hatua ya mbele zaidi. Mdudu anakosa foleti, anakwama.

Sasa ukimmiminia mama miligramu 5 za foliki kila siku, mdudu naye anapata pa kuchota, na SP inapungua nguvu. Kwa miligramu 0.4 tatizo hilo halipo. Shirika la Afya Duniani limeelekeza wazi kwamba 0.4 inakwenda na SP, na kwamba miligramu 5 au zaidi isitolewe pamoja nayo.

Uzuri ni kwamba kalenda inajipanga. Mwenye kuandikiwa miligramu 5 huzihitaji mpaka wiki ya 12, na SP inaanza baada ya hapo, ndipo anashuka kwenda 0.4. Mwenye selimundu anayemeza 5 maisha yote, huyo daktari ndiye atakayeamua namna ya kumkinga na malaria. Anayemeza kotrimoksazoli (septrini) kila siku hapewi SP kabisa, amwambie nesi hata kama hakuulizwa.

Mboga usizipoteze kwenye maji

Kidonge hakiondoi sahani. Na sahani yetu ya pwani ni tajiri, ila tunaimwaga.

Kunde zilizochemshwa, gramu 100, zina takriban mikrogramu 200 za foleti. Choroko kama 160, maharage mekundu 130, mbaazi 110. Parachichi lina 80 hivi. Karanga mbichi hufika 240, ingawa zikikaangwa hupungua. Mchicha mbichi uko kwenye 85 na ukishapikwa unashuka. Kwa hiyo wali na kunde za nazi, chakula ambacho baadhi ya mabinti hukiona cha wakati wa shida, ndicho chenye foleti nyingi kuliko nyama ya kuku. Maini yana nyingi sana pia, lakini mjamzito asiyale mara kwa mara kwa sababu ya vitamini A iliyozidi, ambayo nayo humdhuru mtoto.

Mchicha ndio ninaoumia nao. Nimekulia nyumba ambayo mchicha hukatwa kwanza, huoshwa baadaye, huchemshwa kwenye sufuria iliyojaa maji, kisha bibi anaukamua kwa viganja mpaka unakuwa tonge. Maji ya kijani yakimwagwa uani, kuku wanakimbilia. Foleti inayeyuka kwenye maji na inaumizwa na moto. Spinachi ilipopimwa ikiwa imechemshwa, ilibakiwa na karibu nusu tu ya foleti yake. Iliyopikwa kwa mvuke haikupoteza kitu cha kuhesabika.

Mimi naupika hivi. Nanunua fungu asubuhi, wa siku hiyo, majani yaliyosimama. Nauosha mzima mzima, mara tatu mpaka mchanga uishe, ndipo naukata, tena vipande vikubwa, na nakata wakati sufuria iko tayari. Nakaanga kitunguu na nyanya kwenye mafuta kidogo, namimina tui zito la nazi, nalikoroga mpaka lichemke. Mchicha unaingia mwisho. Nauona unanywea, rangi inakuwa ya kijani kali inayong'aa, ndipo naupindua mara moja na kufunika. Dakika tatu, nne. Ukigeuka rangi ya majani makavu umeshauua. Nikiepua nakamulia ndimu. Lile tui lililobaki chini limebeba kilichotoka kwenye majani, basi nalimwagia wali wote.

Kunde na maharage naloweka usiku kucha, nayamwaga yale maji ya kuloweka kwa ajili ya gesi, lakini maji ya kuchemshia hayatoki, yanakuwa mchuzi. Magadi siweki, yanaua vitamini B1. Choroko nikiwa na nafasi naziotesha: naloweka usiku, nazifunga kwenye kitambaa kibichi siku mbili, zikitoa mkia mweupe foleti yake inakuwa imeongezeka. Lakini zipikwe. Zilizoota zikiliwa mbichi huwa na vijidudu, na mjamzito hapaswi kuzigusa.

Kwenye kisamvu msinifuate. Kisamvu kina sumu ya sianidi, lazima kitwangwe na kichemshwe muda mrefu kama mama zetu walivyotufundisha. Mtu asije akasoma habari ya dakika tatu akaipeleka kwenye kisamvu. Kile nakula kwa ladha yake, foleti naitafuta kwingine. Mgagani vivyo hivyo, uchungu wake huwezi kuutoa bila kumwaga maji.

Kuhusu unga, Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubishi mwaka 2011, Kenya mwaka 2012, na asidi ya foliki imo. Marekani walianza kulazimisha mwaka 1998, na watoto wa mgongo wazi wakapungua. Basi unga wa ngano wa kiwandani soma pembeni ya mfuko utafute neno foliki. Lakini sembe na dona tunayosagisha kwenye mashine ya mtaani haina kilichoongezwa, na watu wengi ndiyo wanayokula. Ndiyo maana bado nakupigia kelele ya kidonge.

Wasio wajawazito

Kaka zetu wenye selimundu humeza foliki kwa sababu damu yao inavunjika na kujengwa upya bila kupumzika, na kila kujenga kunaila. Mnywaji pombe sana hupungukiwa. Anayetumia methotreksati kwa baridi yabisi huandikiwa foliki, lakini afuate siku alizopangiwa, maana dawa hiyo inafanya kazi kwa kuzuia foleti.

Wazee, na wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa: msianze foliki nyingi wenyewe kwa kuona damu ndogo. Upungufu wa vitamini B12 nao hutoa chembe zilezile kubwa. Foliki itapandisha damu, mgonjwa atajiona mzima, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika chinichini. Ganzi na kuchomachoma miguuni, kuyumba ukitembea gizani, hizo ni dalili za kupimwa B12 kwanza. Kwa mtu mzima asiyeandikiwa na daktari, asidi ya foliki isizidi mikrogramu 1,000 kwa siku. Ya kwenye mboga haina kikomo hicho.

Mpwa wangu aliondoka na pakiti tatu. Kwenye sanduku lake la harusi nitamwekea nyingine tatu, katikati ya udi na doti za kanga. Nimemwagiza aandike kwenye kalenda siku aliyoanza, na kila mwezi siku ya kwanza ya hedhi. Akikosa, asiache kumeza akingoja kuhakikisha. Apime, na mimba ikithibitika aende kliniki kabla ya wiki ya 12, na pakiti iwe mkobani amwonyeshe nesi, ajue anameza miligramu ngapi kabla hajamwandikia fefo na SP.